Kabla Hujanunua Kisu, Jiulize Nani Atakinoa

Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi wa dari, wapakiaji wa maghala na wakulima wachache wa zabibu hapa Dodoma. Waliokosa kufika waliomba yaandikwe. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioacha kazi saa hii kuja kunisikiliza: mbukwenyi!

Ahsanteni. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie usalama kazini. Nimemwomba radhi, nikamwambia nitazungumzia visu, basi. Usalama kazini ni jambo kubwa, na mambo makubwa watu huyapigia makofi kisha wakaenda zao. Kisu kiko mfukoni mwa wengi wenu sasa hivi.

Mnanijua. Nauza vifaa vya ujenzi, nimekaa nyuma ya kaunta miaka mingi, na ombi ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Mama, nipe kisu kizuri." Nikiuliza cha kukatia nini, najibiwa "cha kukatia vitu." Haya mwanangu, vitu gani? Hapo ananitazama akidhani nataka kumnyima. Kwenye kabati la kioo nina visu vya aina mbili. Aliyezoea kimoja anakidharau kingine, na aliyekuja mara ya kwanza anachagua kwa kutazama rangi ya mpini.

Kimoja ni kisu cha wembe, kile mnachokiita cha kukatia maboksi. Mpini wa plastiki au wa chuma, ndani yake wembe mrefu wenye mistari, unausukuma kwa kidole gumba. Ncha ikiisha makali unaivunja kwenye mstari na kuitupa. Ana ndugu yake mwenye wembe mfupi, mnene, wenye ncha mbili: unafungua mpini kwa bisibisi, unaugeuza, unaendelea. Cha pili ni kisu cha kukunja, bapa moja linaloingia ndani ya mpini wake, ukakitia mfukoni bila kujichoma paja.

Hiki cha kuvunja ncha si cha zamani sana. Kilibuniwa Osaka, Japani, mwaka 1956, na Yoshio Okada. Alikuwa akifanya kazi ya kukata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji, na nyembe zilikuwa zinaisha makali pembeni tu, katikati bado nzima, halafu zinatupwa zote. Aliwaza mafundi viatu waliokuwa wakivunja kipande cha kioo ili wapate makali mapya, akawaza na vipande vya chokoleti vinavyovunjika kwenye mistari yake. Kampuni yake ndiyo OLFA, na upana wa nyembe zake, milimita 9 na milimita 18, ndio mnaoukuta mpaka leo hata kwenye visu vya kampuni nyingine. Ndiyo maana ukija dukani kwangu na mpini wa kampuni moja na wembe wa kampuni nyingine, mara nyingi vinaingiana.

Kisu cha kukunja ni mzee. Waroma walikuwa nacho. Wafaransa wana Opinel tangu mwaka 1890, Waswisi wakasajili kile chao chekundu cha maofisa mwaka 1897, na mwaka 1902 Wajerumani wakaanza kutengeneza Okapi mahususi kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na sisi wakati huo tulikuwa mmojawapo. Siku hizi Okapi inatengenezwa Afrika Kusini. Nawaambieni haya ili mjue kwamba babu mwenye kisu cha kukunja kiunoni haigi filamu.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Vikiwa vipya, visu vyote viwili vinakata. Anayekuja kukijaribu dukani kwa kukata karatasi ya risiti ananipotezea risiti tu. Kisu kinajulikana wiki ya tatu, makali yakishachoka. Mwenye kisu cha wembe ananunua makali mengine. Mwenye kisu cha kukunja lazima ayatengeneze mwenyewe. Kwa hiyo, kabla hujanunua, jiulize nani atakinoa, na kazi yako inakula makali kwa kasi gani.

Nianze na mafundi wa dari, maana mko wengi. Tangu Serikali ihamie huku na mji wake wa Mtumba uanze kujengwa, na nyumba za maeneo ya Kisasa na Ilazo na Nala kupanda kila mwezi, ubao wa jipsamu umekuwa chakula chenu. Mnavyoukata nimeuona: futi, alama ya penseli, rula ndefu ya alumini, unapita na ncha ya kisu upande wa mbele mara moja, karatasi inachanika na ncha inakwaruza kidogo jasi iliyo ndani yake. Unausukuma ubao kwa nyuma, unavunjika "ka!" kwenye mstari ule ule. Unaukunja, unapita na kisu nyuma, karatasi ya pili inaachia. Fundi mzuri hatumii nguvu, na hakati ubao mpaka chini. Anakata karatasi tu.

Sasa mbona kisu kinaisha? Jasi ni laini, unaikwaruza kwa ukucha, muulizeni yeyote aliyewahi kuishika ile inayochimbwa Itigi. Kwenye kile kipimo cha ugumu wa madini kinachoishia 10, jasi ni 2. Kinachokula makali ni yale yanayoandamana nayo: karatasi iliyotengenezwa kwa karatasi kukuu, yenye udongo ndani yake, na juu yake vumbi letu. Na vumbi la Dodoma si unga wa sembe. Nchi yetu hii imelala juu ya granaiti, na granaiti ikisagika inaacha chembe za kwatzi, ambazo kwenye kipimo kile kile ni 7. Chuma cha kisu kwa kawaida hakifiki hapo. Kila ukipitisha kisu juu ya ubao uliolala uwanjani tangu asubuhi, unakipitisha juu ya kitu kigumu kuliko chenyewe. Hapo hakuna chuma cha bei mbaya kitakachokuokoa. Nimeona kijana kaja na kisu kizuri cha kukunja alichopewa na mjomba wake kutoka nje, anakitumia kwenye jipsamu. Siku ya pili kilikuwa kinachana karatasi badala ya kuikata, na dari lilikuwa na manyoya pembeni. Kwa fundi wa dari, kisu cha wembe, wa milimita 18, mpini wa chuma. Sitaki mjadala hapo.

Na vunja wembe! Hili mnalifanyia ubahili wa ajabu. Wembe wa milimita 18 una vipande vinane. Mtu anatumia kipande cha kwanza nyumba nzima, anakandamiza, rula inateleza, kidole cha mkono wa kushoto kinakuwa mahali rula ilipokuwa. Wembe butu unadai nguvu, na nguvu ndiyo inayokata vidole. Fundi wa jipsamu anayevunja kipande asubuhi na kingine mchana hajapoteza hela.

Wapakiaji na wenye maduka, nyinyi kazi yenu ni maboksi. Boksi la kawaida unene wake ni milimita tatu au nne. Sasa mbona mnatoa wembe wote nje mpaka unayumba? Toa kipande kimoja. Juzi hapa mwenye duka la nguo alinionyesha boksi la suruali, tatu za juu zote zimechanwa mstari mmoja ulionyooka kabisa, kazi nzuri ya fundi. Wembe ulitoka zaidi kuliko boksi lilivyohitaji. Tena wembe ukitoka mrefu unapinda, ukipinda unavunjika ovyo, na kipande kinaruka popote kinapotaka. Unene wake ni nusu milimita tu. Haukuundwa kubandua, kufungulia kopo la rangi wala kuchokolea msumari.

Kata boksi kwa kuuvuta mkono pembeni mwa mwili, si kuelekea tumboni wala gotini. Mkono mwingine uwe nyuma ya kisu. Hayo mnayajua. Nayasema kwa sababu naona goti la mtu hapo mbele lina plasta.

Kisu cha kukunja ni cha nani basi? Ni cha mtu ambaye kazi yake inabadilika kila baada ya dakika kumi. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Makutupora: anakata kamba ya kufungia mizabibu, anachonga vigingi, anafungua kiroba cha mbolea, anakata mpira wa maji, mchana anamenya embe. Kupogolea na kuvuna vishada tumia mkasi wake, tafadhali, kisu kinachana tawi na kidonda kinabaki. Lakini mengine yote hayo kisu kimoja kizuri kinayamaliza. Dereva wa lori naye, kamba za turubai. Mchunga ng'ombe. Fundi umeme anayemenya waya mnene, ingawa wao wana chao chenye bapa fupi na mimi nawaachia wenyewe.

Na chakula. Hapa nitapandisha sauti. Kisu cha wembe hakigusi chakula! Nimeona watu mnadani Msalato, nyama imeiva, imeletwa kwenye sinia, mtu anachomoa kisu cha maboksi mfukoni anaanza kugawa mbavu. Wembe ule umepakwa mafuta kiwandani usishike kutu. Ndani ya mpini umejaa gundi ya tepu na vumbi la jipsamu, na hakuna namna ya kuuosha. Ukigonga mfupa, ncha inabaki kwenye nyama. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wahenga walisema, lakini hawakusema mla na wembe. Kisu cha kukunja unakifungua, unakiosha kwa maji na sabuni mpaka kwenye kiungo, unakikausha, unakula.

Kuhusu chuma chenyewe sitachukua muda mrefu. Kuna visivyoshika kutu, na kuna vya chuma cha kaboni. Cha kaboni kinanoleka upesi na kinashika makali mazuri, ila kinataka kufutwa. Watu wa Tanga na Dar es Salaam wakinunua cha kaboni wana kazi, chumvi ya bahari inawafuata mpaka chumbani. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na haifiki hata milimita 700 kwa mwaka wa kawaida, hewa kavu. Kisu cha kaboni Dodoma kinaishi raha mustarehe. Adui yake hapa ni tindikali ya matunda. Kata zabibu au limau, kiache juu ya meza usiku mmoja, asubuhi bapa limekuwa jeusi. Weusi wenyewe si hatari. Kutu ya kahawia inayofuata ndiyo inayokula makali.

Sasa kunoa, maana hapa ndipo watu wengi wanarudisha visu vyao dukani wakidai nimewauzia kibovu. Unahitaji kinoo chenye pande mbili, wa kukwaruza na wa kulainisha, na maji. Pembe ndiyo kila kitu. Chukua karatasi, ikunje kona yake: ilikuwa nyuzi 90, sasa ni 45. Ikunje tena kwenye mstari huo, sasa ni 22 na nusu. Weka kona hiyo juu ya kinoo, lalisha bapa juu yake, utaona kisu kinavyopaswa kuinama. Punguza kidogo tu, ukifika kama nyuzi 20 basi. Mkono ukishaizoea, tupa karatasi. Pitisha kisu ukikivuta kwenye kinoo kutoka shinani mpaka nchani, upande mmoja tu kwanza, mpaka upapase upande wa pili kwa kidole gumba, ukiwa unakwenda kukatiza makali wala si kuyafuata, na usikie kinundu chembamba cha chuma kilichojikunja. Ukikisikia kutoka shina hadi ncha, geuza. Ukishakipata na upande huo, hamia upande laini wa kinoo, pitisha kwa zamu, mkono mwepesi, mpaka kinundu kiishe. Jaribu kwenye nyanya iliyoiva: kisu kiingie kwa uzito wake, bila nyanya kubonyea.

Msinole kwenye ukingo wa saruji. Najua baba zenu walinoa hapo. Baba zenu walikuwa wananoa panga.

Vumbi linaingia pia kwenye kiungo cha kisu cha kukunja, kikaanza kulia kikifunguliwa. Kisugue kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, kikauke, tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda na kushika vumbi zaidi, utakuja kukifungua kwa plaizi.

Kuna jambo moja la hatari kwenye visu vya kukunja ambalo muuzaji hawezi kukuambia kwa sababu linampunguzia mauzo, nami nalisema. Vingine havina kufuli. Vinashikiliwa na springi tu. Ukikata nacho kamba kwa kuvuta, salama. Ukikidunga mbele, ukitaka kutoboa ngozi au kiatu, kinajikunja juu ya vidole vyako, na springi haikuombi ruhusa. Kwa kazi za kusukuma, nunua chenye kufuli: pete inayozungushwa shingoni, au kibao kinachojipenyeza nyuma ya bapa. Ukiwa dukani, kifungue, kifunge kufuli, kishike kwa pembeni vidole vikiwa mbali, gonga mgongo wa bapa polepole kwenye mbao. Kikikunjika, kirudishe kabatini. Hata kama ni kabati langu.

Cha wembe nacho kijaribu. Toa kipande kimoja, kibane, sukuma ncha kwenye mbao. Wembe ukirudi ndani, kufuli halifai. Ukicheza kushoto na kulia ndani ya mpini, mstari wako hautanyooka hata uwe na rula ya dhahabu. Vile vya plastiki nyembamba vinavyouzwa na kalamu na madaftari ni vya karatasi za ofisini, vinafanya kazi hiyo vizuri kabisa, na kwenye zulia au jipsamu vinapasuka mkononi.

Kijana wangu pale nyuma ananionyesha wembe mtupu wa kunyolea, umefungwa mpira upande mmoja. Unauliza, nami nakujibu: huo una unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, makali pande zote mbili, na hauna pa kushika. Mtoto akililia wembe, mpe, ndivyo msemo unavyokwenda. Wewe si mtoto. Usiurudie.

Na sasa ncha zilizovunjwa. Hapa naomba radhi kwa walioko mezani wanaokula karanga. Sisi wa Dodoma tunaishi na ng'ombe na mbuzi. Ng'ombe hachagui chakula kwa midomo kama mbuzi anavyofanya. Anavuta, anameza, atacheua baadaye. Msumari, waya, ncha ya wembe iliyotupwa kwenye nyasi nyuma ya nyumba mpya, vyote vinashuka na kutulia kwenye lile tumbo lake lenye vijichumba kama sega la asali. Hapo tumbo likijibana, chuma kinatoboa, kinaelekea kwenye moyo, maana moyo uko karibu sana na hapo. Ng'ombe anasimama mgongo umepinda, anakataa kula, anakataa kuteremka mteremko, na mwenyewe anadhani amerogewa mifugo. Wachinjaji wanayajua haya, wanavikuta vyuma humo. Kwa hiyo kila eneo la kazi liwe na kopo: la maziwa ya unga, la kakao, lolote la bati lenye kifuniko, toboa mwanya mwembamba juu. Vunja wembe kwa plaizi, ncha ikielekea chini, uso umeugeuza pembeni, kidondoke humo humo. Kopo likijaa, lizibe kwa tepu kabla ya kulitoa, kwa sababu mzoa taka naye ana mikono.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mawili ya haraka. Ukipanda ndege, kisu chochote kati ya hivi kiwe ndani ya begi unalokabidhi, si la mkononi, la sivyo kitabaki kwenye sanduku la wakaguzi, na hawatakurudishia. Vilevile kwenye majengo yenye mashine ya ukaguzi: kiache nyumbani au kwenye gari. Na jioni ukimaliza kazi, kisu cha kazi kiingie kwenye boksi la vifaa. Unayekutana naye saa tatu usiku Chang'ombe au Nkuhungu hajui kama wewe ni fundi wa dari.

Wengine mmeuliza kuhusu kile chekundu chenye mkasi, msumeno na kizibuo. Ni kizuri kwa safari, bapa lake ni dogo, kufuli mara nyingi hakina. Zaidi ya hapo sina la kukisema.

Na aliyeuliza kama ana hela ya kisu kimoja tu achukue kipi: kama mikono yako inashinda kwenye maboksi au jipsamu, chukua cha wembe na pakiti ya nyembe za akiba. Kama unashinda shambani au barabarani, chukua cha kukunja, lakini uondoke nacho pamoja na kinoo. Mteja anayekataa kinoo mimi namwambia wazi kwamba amenunua nusu ya kisu.

Kinoo kimoja kipo mezani, maji yapo kwenye ndoo, nyanya nimekuja nazo. Wenye visu vya kukunja waje upande huu. Wa wembe, kopo na plaizi viko kwa mwenyekiti, pangeni mstari.